Simu Zisizopimwa

4 Februari

Mdogo wangu Nati,

Habari za huko, na ile baridi uliyoilalamikia? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Vidole bado vinamtesa, asubuhi hashiki sindano mpaka avitie kwanza kwenye maji ya moto, lakini ikifika saa nne cherehani inalia na wateja wanagombezwa kama kawaida. Picha yako ameiona. Anasema koti hilo limekukaa kama gunia na aliyelishona atafutwe ashtakiwe. Angekuandikia mwenyewe, ila kalamu siku hizi inamshinda, na kubonyeza simu ndiyo usiseme. Mimi kibanda changu kipo palepale mkabala na benki, na vioo vya simu za watu vinaendelea kupasuka, kwa hiyo tunaishi.

Kilichonishikisha kalamu ni simu ya Mama. Unakumbuka alivyokuwa baada ya ile homa kumchukua masikio. Miaka mitano hakwenda popote bila mimi kuwa masikio yake. Kisha ukaja likizo ukamwonyesha huduma ya maandishi: mtu anaongea, simu inasikiliza na kuyaandika maneno yake kwenye kioo. Siku ile alimsemesha kila mtu mtaani, hata yule mpiga pasi mkimya akalazimishwa kutoa hotuba. Miaka mitatu sasa amekuwa akienda benki mwenyewe na hospitali mwenyewe, akiishika simu mbele yake, akirudi na habari ambazo hata mimi sina.

Jumatano iliyopita simu imepokea programu mpya za kampuni yenu, na huduma imetoweka. Ukiibonyeza inaleta sentensi moja: Haipatikani kwenye kifaa hiki. Nilidhani ni simu yake tu. Lakini wiki hii nimeletewa kumi na moja, zote za umri wa simu yake au kuzidi, ugonjwa mmoja.

Nimekaa kwenye meza hii miaka kumi na tisa. Simu inazeeka kidogo kidogo kama binadamu: leo betri, kesho kioo, keshokutwa spika. Haiamki siku moja imesahau kazi moja tu, nyingine zote inazikumbuka. Watu husema makampuni yanazifunga makusudi simu za zamani ili tununue mpya, nami nilikuwa nawacheka. Sasa nakuuliza wewe unayekaa jikoni kwao: ni kweli au si kweli?

Nijibu kwa karatasi. Ulisema simu yako mabosi wanaisoma, na sitaki ufukuzwe kwa ajili ya mdomo wangu.

Dada yako

26 Februari

Dada mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia hamjambo. Huku nasi tunaendelea vizuri. Shemeji yako anakusalimu, amebadilishiwa zamu na sasa tunaonana walau wakati wa chakula. Binti yetu ameanza kusoma. Anasoma kila kibao cha barabarani kwa sauti mpaka dereva wa basi amemzoea. Mwambie Mama koti nimelirudisha dukani.

Kuhusu swali lako, mambo si mepesi kama watu wanavyosema vijiweni. Huduma ile ni nzito. Simu ya zamani inapoifanya kazi hiyo hupata moto, betri huchoka, na ikitokea ajali kampuni ndiyo inayolaumiwa. Pia kuna gharama ya kuangalia kila toleo la zamani kila mara programu zinapobadilika. Hakuna mtu aliyekaa mezani akasema tuwakomoe wenye simu kuukuu. Uamuzi wenyewe hufanywa na idara nyingine, mimi siuoni mpaka umeshapita.

Naomba usiifungue simu ya Mama. Akivumilia kidogo nitaangalia la kufanya. Na tafadhali usichezee programu zake.

Nakutakia kazi njema,
Nati

19 Machi

Nati,

Hujambo wewe, shemeji na msomaji wa vibao. Mama anasema binti huyo amerithi kwake, maana naye alikuwa anasoma mpaka magazeti ya kufungia vitunguu. Hatujambo, ila mvua imeingia kibandani na nimehamisha meza karibu na mlango.

Mdogo wangu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Umeniambia mara mbili katika barua moja nisiiguse simu ya Mama. Tangu lini fundi akakatazwa simu na mtu niliyemfundisha kushika bisibisi? Nimeifungua siku hiyohiyo.

Sikiliza nilichofanya. Simu ikiwaka inajitambulisha kwenye mitambo yenu: mimi ni toleo fulani. Mitambo inaijibu unaruhusiwa hiki, huruhusiwi kile. Nikaifanya ya Mama ijitambulishe kwa jina la toleo la mwaka juzi. Sikubadilisha nati wala waya. Huduma ikarudi, Nati. Ikarudi na ikaandika vizuri kuliko zamani. Nikaiacha iandike redio kutoka asubuhi mpaka jioni, na kila nusu saa nikaiweka shavuni kama nilivyokufundisha, kwamba simu ikichoma shavu izime. Ilikuwa vuguvugu tu. Kikombe changu cha chai kilikuwa cha moto zaidi.

Mama alikaa nayo siku nzima. Alisoma walichokuwa wakinong'onezana mteja mmoja na dada yake kuhusu pindo la gauni, akawajibu palepale. Walivyotahayari! Nilicheka mpaka nikaacha kazi. Kesho yake simu ilipoingia mtandaoni mitambo ikaikagua upya, ikaikamata, ikaifunga. Nimejaribu mara sita. Kila mara haivuki siku moja.

Kwa hiyo suala la moto limekwisha. Simu inaweza. Ninyi ndio hamtaki. Nakuomba kitu kimoja: nitumie njia ya kuizuia isikaguliwe. Najua ipo, na najua unaijua.

Sikuulizi kwa ubishi. Mama ameanza kuitikia kwa kichwa. Unaikumbuka ile tabia yake ya zamani: mtu anaongea, hasikii, anaona haya kuuliza, anatabasamu na kutikisa kichwa kukubali. Jana kakubali kushona mapazia ya ukumbi mzima bila kujua kakubali. Tarehe 29 Aprili anakwenda kliniki kwa daktari mpya wa vidole. Nimesema nitafunga kibanda niende naye. Amenijibu kwamba yeye si mtoto.

Dada yako

3 Aprili

Dada,

Natumaini u mzima na mvua imepungua. Sisi tuko salama.

Nimetuma kifurushi kwa njia ya haraka, kitafika kabla ya kliniki ya Mama. Ndani kuna simu mpya yake. Huduma ya maandishi ipo na nimeshaiwasha. Nimeweka pia kikaratasi changu kwa Mama humo ndani ya boksi. Nataka iwe mshangao, kwa hiyo sitamtumia ujumbe. Mpe afungue mwenyewe halafu uniambie alivyosema.

Ile njia usiniombe. Nilitia sahihi karatasi nyingi siku ya kuajiriwa. Mengine naomba tuyaache hapo.

Nati

18 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Habari za nyumbani kwako? Hapa hatujambo. Kifurushi kimefika salama, asante.

Mama alikwenda kliniki na akarudi na vidonge vipya, kimoja kila Jumatatu. Vimemkubali kwelikweli. Uvimbe umeshuka, juzi kapenyeza uzi kwenye sindano mwenyewe mara ya kwanza na akaniita niende nikaone. Wiki hii hali chakula kingi, anataka vitu laini tu. Anasema ni jino. Jumatatu haipiti hajameza kidonge chake, ameviweka pale kwenye kopo la vifungo ili asivisahau.

Mimi bado napambana na zile simu za zamani. Zimefika arobaini na tatu. Kuna mwalimu wa darasa la viziwi ameniletea saba kwa mpigo, akazipanga mezani. Tumejikusanya mafundi wanne, kila mmoja anajaribu mlango wake. Tukifaulu kwa moja tumefaulu kwa zote, na nitawaandikia mabosi zako barua kwa mkono wangu na kuwauliza moto wao uko wapi. Ninakaribia. Jana imeshika siku mbili na nusu kabla ya kufungwa.

Nikipata njia yangu mwenyewe sitakuhitaji uvunje sahihi yako.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Sijapata barua yako tangu ile ya Machi. Nikipiga simu unaniambia una mteja, utanipigia, hunipigii. Mama naye hajasema neno juu ya simu mpya. Si kawaida yake. Huyu alinisifia hata zile soksi nilizomtumia. Je, ameipenda? Inamwandikia vizuri?

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha chakula kazini, watu wote wametoka. Kuna jambo nimelibeba tangu Februari na sasa limenielemea.

Nilikudanganya. Hakuna idara nyingine. Kuamua huduma gani ibaki kwenye simu ipi ni kazi yangu, mimi na wenzangu wawili. Mwaka jana nilizipima simu za zamani zote, matoleo ishirini na sita. Wenzangu walikuwa na mashine ya kupima joto, nami baada ya mashine nilikuwa naziweka shavuni moja moja, wakinicheka. Toleo la Mama lilifaulu. Kumi na tisa kati ya ishirini na sita zilifaulu. Niliandika hivyo.

Bosi wetu alinirudishia ripoti. Ni mtu mpole, hapazi sauti. Akasema hakuna anayetaka kuzifungia huduma simu za watu. Kinachosemwa ni kwamba kuanzia mwaka huu hatutakuwa na muda wa kuzipima za zamani, na kisichopimwa hakiwezi kuruhusiwa. Ukisikiliza haraka unaona ni busara. Nikauliza na hizi kumi na tisa ambazo nimeshazipima? Akasema basi tuzihesabu kama hazikupimwa. Akaniomba nitafute maelezo yatakayoeleweka kwa watu wa nje. Nikaandika moto.

Uliniuliza ni kweli au si kweli. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikijiambia si kweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kutamka kwamba tuwalazimishe watu wanunue. Halikutamkwa kamwe, Dada. Tuliondoka kwenye kile chumba kila mtu amefanya sehemu ndogo yenye sababu nzuri. Orodha niliiandika mimi, na toleo la Mama nililiandika nikijua ni la Mama. Nikajipa moyo kwamba nitamtumia mpya. Wenye watoto wanaofanya kazi huku watatumiwa mpya. Wengine sikuwafikiria.

Ukurasa wa pili ndiyo njia uliyoiomba. Fuata hatua zote nane, ya tano usiiruke. Wape mafundi wenzako pia. Wakinijua wanijue.

Mdogo wako

27 Juni

Nati,

Nimeipokea barua yako ya tarehe 30 Mei, siku kumi baada ya wewe kuondoka.

Ulikaa hapa siku nne za msiba wa Mama na hatukusema chochote zaidi ya nani amelala wapi na maji yametosha au hayajatosha. Nilikuwa nakuona unanitazama, nami nikajifanya nina kazi. Mambo mengine bora karatasi iyabebe.

Nilikuambia tu kwamba damu ilimharibikia. Sasa nakueleza yote. Zile dawa za vidole ni kali. Zinatuliza viungo, lakini kwa baadhi ya watu zinakausha damu. Mgonjwa anatakiwa arudi baada ya wiki mbili apimwe, na akiona vidonda mdomoni aache dawa siku hiyohiyo. Mama vidonda alikuwa navyo. Ndilo lile jino. Alikuwa akimeza kidonge juu ya vidonda, kila Jumatatu, kwa sababu vidole vilikuwa vinapona na hakuna aliyemwambia aache.

Nilimfuata daktari nikiwa nimejaa hasira. Ni mtu mzima, amechoka, ana wagonjwa sitini kwa siku. Akaniambia, "Nilimweleza, mama yangu. Nilimweleza mara mbili. Nikamuuliza kama ameelewa." Nikamuuliza, naye alisema nini? Akasema, "Hakusema kitu. Alitabasamu akaitikia kwa kichwa."

Siku nne zilizopita nilikaa mezani na ukurasa wako wa pili. Hatua nane. Imenichukua muda wa kunywa chai. Simu ya Mama ikafunguka, na mpaka leo, siku ya nne, haijafungwa tena. Niliiweka juu ya meza, mteja akaingia akauliza chaja, nayo ikaandika: mna chaja? Nikashindwa kumhudumia. Nilimwomba aende duka la pili.

Ulizipima kwa shavu. Nilikufundisha jambo lile ukiwa na miaka tisa, kwa sababu sikutaka uungue. Ukaenda nalo huko mbali, ukapata jibu sahihi, ukaandika uongo. Nakupenda, wewe ni tumbo moja nami, lakini sijui nitakutazama vipi.

Simu za mwalimu yule zote saba nimezifungua.

Dada yako

22 Julai

Dada,

Sina la kujitetea, na barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Shemeji yako anakupa pole tena.

Nimeacha kazi. Nimetoka na nakala ya ripoti yangu ya kwanza, ile inayosema kumi na tisa zilifaulu, pamoja na ile iliyorudishwa ikiwa na mwandiko wa bosi pembeni. Nimempata mwanasheria anayetetea wateja dhidi ya makampuni, mwanamke makini sana. Anasema wenye malalamiko wapo maelfu, lakini kampuni hujibu kwamba ni usumbufu tu, hakuna aliyeumia. Anasema kifo cha Mama kitabadilisha kila kitu. Kitawalazimu wafungue makabati.

Anahitaji simu ya Mama, cheti cha hospitali, na maelezo yako ya maandishi yenye kiapo: huduma ilifungwa lini, Mama alikuwa anaitegemea vipi, siku ya kliniki hakuwa na njia nyingine ya kujua daktari anasema nini. Huenda ukaitwa kutoa ushahidi. Nauli na malazi watashughulikia wao.

Jambo moja tu ameniuliza nikakosa jibu la uhakika. Ile simu mpya niliyotuma ilifika lini? Kwenye barua ya Mei umeandika imefika, lakini hukuandika tarehe. Mimi nimemjibu kwamba lazima ilichelewa, ilifika baada ya kliniki, maana ingefika kabla Mama angekwenda nayo. Nithibitishie hilo kwa mstari mmoja, tuanze.

Nifanye hiki, Dada. Angalau hiki.

Nati

14 Agosti

Mdogo wangu,

Nawasalimu nyote. Binti mwambie mama yake mkubwa anamkumbuka. Mimi ni mzima wa mwili.

Mwambie mwanasheria simu haikuchelewa. Ilifika tarehe 24 Aprili, Ijumaa. Nilitia sahihi mwenyewe, kitabu cha yule mleta vifurushi kitaonyesha. Siku tano kabla ya kliniki.

Usimwambie vingine. Najua utashawishika. Wataniapisha na watauliza simu mpya ilikuwa wapi tarehe 29, na mimi siwezi kusimama mbele za watu nikaiweka mahali ambapo haikuwapo. Ilikuwa kwenye droo ya chini ya meza yangu, chini ya mabodi ya simu yaliyoungua. Bado imo. Boksi sijalifungua, na kikaratasi chako kwa Mama kimo ndani na sikijui kinasemaje.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza kila siku na jibu si zuri. Niliona umeniletea hongo. Nilikuomba njia, ukaniletea simu, kama mtu anayemziba mtoto mdomo kwa peremende. Nikasema sitakubali. Nitaifufua ile ya zamani kwa mikono yangu, Mama atakwenda nayo hospitali, nanyi mtaaibika. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu. Kila siku nilikuwa nimebakiza kidogo. Nikajipa wiki moja, halafu nyingine, na tarehe 29 asubuhi nilikuwa kwenye meza nikijaribu mlango wa saba, nimesahau kabisa kwamba ndiyo siku yenyewe, hata ile ya zamani sikumfungulia ishike walau siku hiyo. Niliinua kichwa Mama ameshaondoka.

Wewe uliandika uongo na mimi nilificha boksi. Sijui nani kati yetu amezidi, na sidhani kama mahakama inaweza kutupimia. Peleka kesi yako kama inawezekana bila mimi, kwa ajili ya wale wanafunzi wa mwalimu. Na kama haiwezekani bila mimi, basi nitakuja, lakini nitasema yote, na kampuni yako itashinda kwa kinywa changu.

Kuna jambo sijamwambia mtu, na wewe lazima ulijue, hata likikufanya usiniandikie tena. Jumapili kabla ya kliniki Mama alikuwa anapanga vifungo. Akaniuliza, "Nati hajatuma kitu chochote?" Nilikuwa nimesimama mbele yake, droo naijua, boksi nalijua. Nikamwashiria hapana.

Akasema basi ana mambo mengi, tusimsumbue.

Dada yako